Masikio Yaliyokomaa

Kishindo alikuwa kiziwi, na uziwi wake aliuringia. Wengine huringia nyumba, wengine huringia watoto waliosoma. Yeye akipata mteja mgeni pale kwenye ua wa mafundi bati, kitu cha kwanza kumwonyesha hakikuwa masanduku yake bali masikio. Aliyagusa moja baada ya jingine, akapayuka kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara: "Haya yamekomaa! Simama mbele yangu nikuone mdomo!"

Kukomaa, ndivyo ukoo wao ulivyoita. Babu yake alitengeneza masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni yenye bawaba na komeo, na masikio yake yalikomaa kabla hajaota mvi. Baba yake hivyo hivyo. Kishindo mwenyewe alianza kusikia mluzi kichwani akiwa kijana wa ndevu za kwanza, mluzi ambao haukuwa wa mtu yeyote, na alipomwambia baba yake, mzee alimkumbatia mbele ya mafundi wote. Kwao ilikuwa heri. Bati likikupigia masikioni mpaka yakanyamaza, maana yake umelipiga vya kutosha. Anayesikia vizuri bado anajifunza, au ni mvivu.

Mvivu mkuu, kwa hesabu hiyo, alikuwa jirani yake wa benchi, fundi ndoo waliyemwita Polepole. Polepole alishika nyundo miaka ile ile, juu ya kipande cha reli walichokitumia wote wawili kama fuawe, pa kugongea bati, katika kelele zile zile, na bado alisikia simu ikitetemeka mfukoni mwa mtu mwingine. "Wewe hulipigi bati, unalibembeleza," Kishindo alimwambia karibu kila siku. "Lingekuwa mke lingekupenda kweli." Polepole alicheka tu. Kubishana na kiziwi kunachosha, tena alimpenda.

Jambo moja tu halikukaa sawa katika majigambo hayo, nalo lilikuwa shangazi. Shangazi yake Kishindo alikuwa mshonaji. Hakushika nyundo maishani mwake. Cherehani ndiyo kelele yake kubwa. Naye uzeeni masikio yakanyamaza. Ukoo ulilimaliza jambo hilo kwa sentensi moja: chumba chake cha kushonea kilipakana na karakana ya babu, kelele zilipenya ukutani. Wakaridhika. Mtu akishapata jibu linalompendeza hasumbuki kutafuta jingine.

Kishindo alikuwa na mtoto mmoja, binti, na kila mtu alimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini. Mama yake aliuza nguo sokoni na hakuweza kushinda naye juani, kwa hiyo mtoto alilelewa uani, ndani ya sanduku la bati lisilo na kifuniko, limetandikwa blanketi, chini ya benchi la baba yake. Nyundo ililia juu, mtoto akalala fofofo chini. Kishindo aliwaita watu waje kutazama.

"Mnaona? Hata hashtuki! Huyu damu yangu!"

"Utamharibu mtoto masikio," mama yake alilalamika.

"Sikio la kwetu haliharibiki, mama Redio. Linakomaa."

Nyumbani kwao hakuna aliyezungumza akimpa mwenzake kisogo. Ukitaka kusema, unagonga meza, mwenzako anainua macho, ndipo unasema, naye anakusoma midomo. Redio alijua kusoma midomo kabla ya kujua kusoma vitabu. Ndiyo maana sauti zilipoanza kumpungukia, akiwa msichana wa sekondari, hakujua. Alidhani watu wote wanasikia hivyo: mdomo kwanza, sauti baadaye kwa mbali. Akigeuziwa mgongo na kukosa neno, alimlaumu aliyemgeuzia mgongo, kwamba hana adabu. Kuhusu mluzi wa kichwani, alimwambia baba yake mara moja, naye akamkumbatia kama alivyokumbatiwa yeye.

Lakini Redio hakutaka kuwa fundi bati. Alitaka kuwa mkunga. Tangu alipomsindikiza jirani kwenye zahanati na kumwona mkunga akimpokea mtoto mikononi, hakuwa na hadithi nyingine. Alisoma kwa bidii, akafaulu, akapata nafasi chuoni. Siku hiyo Kishindo alizunguka ua mzima akipiga sufuria.

Kabla chuo hakijafunguliwa, ilikuja kazi kubwa ya masanduku ya shule. Kishindo alimwomba binti yake amsaidie, na alimwomba kwa sababu alimpenda. Alijua akishaondoka atarudi akiwa mtu mwingine, mwenye sare nyeupe na kucha safi, na kabla ya hapo alitaka angalau msimu mmoja wa kugonga naye bega kwa bega. Redio alikubali kwa mikono miwili. Waligonga kutwa, wakirushiana misumari ya ribiti na utani, na Polepole upande wa pili akijitia pamba masikioni.

"Mpe na mtoto pamba," Polepole alisema.

"Pamba ya nini? Ana jeraha?" Kishindo akajibu, na Redio akacheka mpaka nyundo ikamponyoka.

Chuo kilitaka kila mwanafunzi aje na kifaa chake cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ile pembe fupi ambayo mkunga huweka upande mmoja juu ya tumbo la mama na upande mwingine sikioni. Madukani zilikuwepo za plastiki. Kishindo aliposikia plastiki, alikunja uso kama amelishwa sabuni. Alimwomba mkunga wa zahanati amwazime yake ya mbao, akaipima mdomo, shingo na kile kisahani cha sikio chenye tundu katikati, kisha akaitengeneza upya kwa bati zito jeupe, lile alilokuwa akilitunza kwa kazi ambayo bado hakuijua. Mshono aliulehemu kwa mkono mwepesi mpaka hauonekani, hata ukiutafuta kwa kucha. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na alilijua hilo.

Wakaijaribu hapo hapo. Kishindo alifungua vifungo vya shati, akakaa juu ya sanduku. Redio aliweka mdomo wa pembe kifuani mwake, akaegemeza sikio kwenye kisahani, akafumba macho. Kishindo alimtazama usoni bila kupumua, kama mtahiniwa. Ilichukua muda. Halafu Redio akainua kichwa, akatabasamu meno yote nje.

"Nausikia, baba! Unapiga kama wewe mwenyewe. Du, du, du!"

Kishindo alilia waziwazi, fundi mzima, mbele ya wateja. Polepole akanyoosha mkono: "Nipe na mimi nisikie kama kweli una moyo." Kishindo akamnyima. "Wewe utauchosha."

Redio akaenda chuoni na pembe yake ndani ya sanduku jipya. Muhula haukuisha, akarudi.

Alirudi mchana, bila taarifa, akasimama langoni mwa ua na sanduku mkononi. Kishindo alifurahi kwanza, halafu akamwona uso. Akaweka nyundo chini. Redio akagonga benchi ili atazamwe, kisha akaeleza, na midomo yake ikitetemeka kiasi kwamba baba yake alimwomba arudie mara kadhaa.

Walikuwa wamepelekwa kliniki kujifunza. Redio akapewa mama mjamzito, mimba kubwa tu, mama mcheshi. Akaweka pembe juu ya tumbo, akasikiliza. Kimya. Akasogeza upande wa pili, kimya. Akasogeza chini, juu, akaikandamiza, kimya. Yule mama alikuwa akimtazama usoni, akaacha kucheka. "Nini? Mwanangu ana nini?" Redio akaikandamiza pembe tena, na hilo likawa jibu tosha. Mama akaanza kupiga mayowe kwamba mwanawe amekufa, kliniki nzima ikasimama. Mwalimu akaja mbio na pembe yake ya mbao, akainama, akasikiliza, akashusha pumzi. Mtoto alikuwa mzima wa afya, moyo wake ukienda mbio kama inavyopasa. Yule mama hakutaka tena Redio amguse. Mwalimu naye alimwambia taratibu arudi nyumbani, akapimwe masikio.

"Na kuna jambo jingine, baba." Redio alishika ukingo wa benchi. "Ile siku hapa, kifuani kwako. Sikusikia kitu."

"Ulisema du, du, du."

"Nilidhani pembe ni mbovu. Uliihangaikia sana. Sikuwa na moyo wa kukwambia."

Sasa sikiliza ajabu ya mtu. Kishindo, ambaye angekutoa uani kwa kusema tu kwamba bawaba yake imepinda, uso wake uling'aa.

"Basi ni hiyo! Pembe ni mbovu! Nimekosea mimi, shingo nimeibana, sauti haipiti. Mwanangu huna ubaya wowote. Ni kazi yangu mbovu!" Aliipokea pembe kwa mikono miwili, akaigeuzageuza juani, akitafuta ufa, akitafuta tone la lehemu lililoziba njia, akiitukana mikono yake mwenyewe kwa furaha. Hakuna fundi aliyewahi kuombea kazi yake iwe mbovu kama alivyoomba yeye. Lakini yeye asingeweza kuijaribu, na binti yake asingeweza. Akageuka, akamwita Polepole.

Polepole alipangusa sikio kwa kitambaa, kwa heshima, akainama. Kishindo akafungua shati. Ua ulikuwa umeacha kugonga, nyundo zote zimetulia, jambo ambalo Kishindo hakulijua. Aliyajua macho ya rafiki yake tu. Polepole alisikiliza, akainuka polepole kweli kama jina lake.

"Sema imeziba," Kishindo alimwambia.

"Nausikia."

"Sikiliza vizuri wewe, unasikia wa kwako."

"Baba Redio, nausikia. Vizuri kabisa."

"Msikilize na mtoto."

Polepole akaweka pembe kwa Redio, chini kidogo ya bega, akasikiliza kwa muda, akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yameshamlenga. Hapo ndipo Redio aliposema kwa sauti ndogo, akimtazama baba yake ili asikose hata neno, kwamba na ile ya mbao ya mwalimu alishaijaribu. Nayo ilikuwa kimya. Kishindo akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka shingoni, kama mtu aliyeshikwa na baridi, na siku hiyo hakugonga tena.

Katika hospitali kubwa waliwapima masikio, baba na binti, wakawachukua damu ikapelekwa mbali. Majibu yalichukua muda mrefu kurudi. Waliitwa, wakaenda watatu, kwa sababu Kishindo alisema bila Polepole haendi popote. Ilikuwa bahati, maana daktari wa masikio siku hiyo alikuwa na mafua, amevaa barakoa, hana mdomo wa kusomwa. Polepole alikaa kati yao, akipokea maneno ya daktari na kuyageuza kuwa ishara za mikono walizozoea uani.

Daktari alieleza taratibu. Ndani kabisa ya sikio kuna seli, na ukutani mwa seli hizo kuna vilango vidogo mno. Kelele ikizidi, sikio lenyewe humwaga kemikali, ile ile ambayo mwili huitumia kama nguvu yake ya kila siku. Kemikali hiyo huvigonga vilango, vinafunguka, na sikio linajipunguzia sauti lisiumie. Ipo jeni moja inayobeba maelekezo ya kuvitengeneza. Haina hata jina la kuitika, ni herufi na namba tupu: P2RX2. Katika jeni hiyo baba na binti walikuwa na kosa moja dogo, lile lile. Vilango vyao vipo mahali pake, lakini vikigongwa havifunguki.

Polepole hakuwa na ishara ya jeni. Alifanya viganja vyake viwe sanduku na kifuniko, akagonga kwa kidole, na kifuniko kikabaki kimefungwa. Akagonga tena. Kishindo alielewa pale pale.

"Bawaba imeshika kutu," alisema, na sauti yake ikajaa chumba kizima.

Polepole akagusa sikio lake mwenyewe, akagonga viganja, na safari hii kifuniko kikafunguka kirahisi. Aliona haya kama aliyeiba kitu. Kumbe miaka yote ile hakuwa mvivu.

"Kwa hiyo sio nyundo?" Kishindo aliuliza.

Daktari akasema uziwi ungekuja hata bila nyundo, ila pengine taratibu, pengine uzeeni. Kelele ndiyo inayouharakisha. Mwenye jeni hiyo hatakiwi kukaa karibu na kelele kabisa, hasa akiwa mtoto. Polepole alianza kulitafsiri hilo, mikono ikamgoma katikati. Hakukuwa na haja. Kishindo alishamkumbuka shangazi na cherehani yake, aliyesikia mpaka akazeeka. Akakumbuka sanduku chini ya benchi, blanketi, na mtoto aliyelala fofofo, na yeye akiita watu.

"Si kosa lako," daktari alisema. "Hukujua." Alishusha barakoa ili Kishindo alisome neno hilo mwenyewe, naye akalisoma. Halikumsaidia. Damu alimpa mwanawe bila kujua, hilo angeweza kulala nalo. Nyundo alimpa kwa mkono wake, akimwomba.

Mama Redio alipoambiwa, alisema mara moja tu, "Nilikwambia," akaingia chumbani, akatoka macho mekundu, akapakua chakula. Hakulirudia tena maisha yake yote. Kishindo alitamani angelirudia kila siku.

Redio alipewa vifaa vya kuvaa masikioni. Vilimsaidia kwa mazungumzo ya karibu, lakini moyo wa mtoto tumboni haukufika, na chuo, kwa maneno mazuri sana, kikamwombea mafanikio kwingineko. Aliacha kuongea ovyo. Alikuwa hajui tena sauti yake inatoka kubwa au ndogo, na watu dukani walikuwa wakigeuka kumtazama, kwa hiyo aliona afadhali kunyamaza. Nyumba ile iliyokuwa haipumziki ikawa na utulivu ambao hata Kishindo aliusikia.

Kishindo akaacha masanduku. Nyundo yake akampa Polepole, na Polepole, bila kuombwa, akaibeba ile reli akahamia kona ya mwisho kabisa ya ua, na wagongaji wengine wakamfuata. Kishindo akabaki na mkasi wa bati na lehemu, akawa anatengeneza faneli, zile koni za kumiminia mafuta chupani, kazi ya mwanagenzi, kazi isiyopiga kelele. Waliomfahamu zamani walipita wakidhani ni mgonjwa. Redio alikuja kukaa naye. "Sina pa kwenda, baba," alisema, na kwa kuwa pale palikuwa kimya, hakuweza kumfukuza. Akamfundisha kukata, kukunja koni, kulehemu mshono. Alijifunza upesi mno. Alikuwa na mkono mwepesi, ule ule wa baba yake, na kila koni nzuri aliyoikunja ilimchoma baba yake moyoni.

Siku moja mama muuza mafuta ya kula alisimama mbele ya faneli zilizotundikwa. Alizigusagusa, akateua moja ya mwisho, akaipima uzito kiganjani, akainyanyua juu ya jicho kutazama mwanga.

"Hii nzito. Hii ndiyo naitaka."

Kishindo aliitazama mara moja, akaijua. Hakuna bati jingine jeupe namna ile. Kile kisahani cha sikio kilikuwa kimekatwa, shingo imechongwa kidogo iingie mdomo wa chupa, na mahali pa mkato pamepigwa lehemu safi. Akageuka kumtazama binti yake. Redio alikuwa anamtazama tayari. Aligonga benchi kwa kidole, ingawa alishaangaliwa.

"Uza, baba," alisema. Alisema polepole, kwa midomo, ili asikose. "Ni faneli nzuri. Haivuji."

Kishindo akaichukua mkononi, akaigeuzageuza. Muuza mafuta akauliza kama kuna ubaya. Hapana, akajibu, hakuna ubaya, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alijibu kwa sauti ya chini. Akaifunga pembe ndani ya gazeti kama anavyofungiwa mteja yeyote, akampa, akapokea pesa yake, akashukuru.

Yule mama alipotoweka langoni, Kishindo aliinama chini ya benchi kufagia vipande vya bati. Kile kisahani kilikuwa humo, duara dogo jeupe lenye tundu katikati. Alikipangusa kwa kidole gumba, akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Redio akagonga benchi. "Umeokota nini?"

"Hakuna kitu," alisema Kishindo. "Nipe bati jingine."